Siku Nilipoziba Mwanya wa Mama Njeru

Kwanza niahidini mtacheka polepole, kwa sababu Runyenjes, huku Embu, kuna akina mama ambao mpaka leo wakiniona sokoni wanafunika mdomo kwa mkono, na si heshima hiyo, ni kunikumbusha. Aibu yenyewe nimeshaizoea, naibeba kama kiondo, naitundika kichwani tunaendelea na safari. Lakini mtu akiniuliza atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwenye studio ya sanaa ni kitu gani hasa, siwezi kumweleza bila kupitia kwenye meno ya yule mama, kwa hivyo kaeni vizuri.

Mimi naitwa Kendi, nyumbani ni Kibirichia, Meru, kule kwa viazi na baridi. Nilipomaliza kozi ya uchoraji nilipata nafasi kwa mtu anaitwa Ireri, ambaye Runyenjes nzima inamwita Mwalimu ingawa hajawahi kufundisha darasa lolote. Kichwani mwangu studio ilikuwa chumba kikubwa chenye madirisha marefu, watu wamejifunga skafu, wanatazama picha huku wakisema "mmm". Studio ya Mwalimu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya agroveti, duka la dawa za mifugo, harufu ya dawa ya kupe ndiyo iliyokuwa ikitukaribisha asubuhi, na wageni wengi waliobisha hodi walitaka kujua kama hapa ndipo simu zinachajiwa.

Wiki ya kwanza sikuchora kitu. Niliosha brashi kwa mafuta ya taa, nikapika chai, nikashika ngazi Mwalimu akiandika "NYAMA BORA" kwenye bucha. Baadaye nikapanda cheo, nikawa nashika ngazi kwa mkono mmoja na kopo la rangi kwa mkono wa pili. Kazi yangu ya kwanza kuonekana na umma ni kwato za ng'ombe kwenye ukuta wa agroveti (ng'ombe mwenyewe ni wa Mwalimu, mimi nilipewa kwato, tena za nyuma). Nilizipiga picha nikaituma nyumbani. Mama alijibu kwa alama ya moyo. Baba hakujibu.

Baba yangu hapendi wachoraji, na mzee wa watu ana sababu. Kuna mmoja alimwandikia ukuta wa stoo yake ya viazi, herufi kubwa nyekundu za kupendeza, mvua ya kwanza ikashuka nazo zote mpaka kwenye mtaro, na mchoraji naye akawa ameshashuka na njia zake. Tangu siku hiyo kwa Baba msanii ni mtu anayekula pesa yako kabla mvua haijanyesha. Sasa fikiria kifungua mimba wako ndiye anakuja kukuambia anataka kuwa huyo mtu.

Siku moja akanipigia simu, na Baba hapigi simu kwa salamu.

"Kendi, Jumapili nitakuwa huko kwa tata yako. Nikiona hiyo kitu unafanya ni kazi, nitanyamaza. Nikiona ni mchezo, unabeba nguo zako tunarudi pamoja. Chuo cha ualimu wameniambia nafasi bado iko."

Tata ni dada yake Baba, Tata Karimi, aliolewa Runyenjes na ndiye nilikuwa nakaa kwake. Na Baba si mtu wa vitisho. Akisema atapanda viazi Ijumaa, anapanda Ijumaa, mvua ije isije. Kwa hivyo nilijua Jumapili hiyo ndiyo hukumu yangu.

Bahati nzuri (hivyo ndivyo niliwaza, mimi mjinga) Jumapili hiyohiyo kanisani kwa kina Tata walikuwa wanamuaga Mama Njeru, aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama kwa miaka mingi, na zawadi yake kubwa ilikuwa picha tuliyomchora sisi. Baba angeiona picha mbele ya kanisa zima, ikipigiwa vigelegele, na mimi ningesema ile leso aliyojitanda hapo, yale maua yote, ni mkono wangu. Kutoka kwato hadi maua, si ni maendeleo?

Picha ilichorwa kwa rangi ya mafuta. Kwa wasioijua, hiyo si rangi ya haraka, inakauka kwa madaha, inataka wiki na wiki, na Julai ya huku, na ule ukungu unaoteremka kutoka mlimani, inataka na nyongeza. Ndiyo maana Mwalimu aliimaliza mapema kabisa, ikaegemea ukuta ikakauka taratibu, kisha yeye akaenda Embu mjini kuchora ukuta wa shule. Akaniachia amri moja.

"Kazi yako ni kupangusa vumbi. Uso usiguse. Umenisikia, msichana? Uso u-si-gu-se."

Nikasema ndiyo Mwalimu, na nilikuwa nasema kweli.

Sasa nilipokuwa napangusa hilo vumbi ndipo nikaona, katikati ya meno mawili ya mbele ya Mama Njeru, kuna mstari mweusi. Nikasogea. Nikarudi nyuma. Mstari uko palepale. Ile picha ya simu ambayo Mwalimu alitumia kuchora ilikuwa kwa simu yake, naye yuko nayo Embu, na Mama Njeru mwenyewe nilikuwa nimemwona kanisani tu kutoka benchi la nyuma, na kutoka benchi la nyuma unaona kitambaa cha kichwa, huoni meno. Nikasema, masikini Mwalimu, macho yameanza kuzeeka, brashi imemteleza. Mama wa watu anaagwa na kanisa zima halafu apewe picha ya jino lililopasuka? Nikachovya brashi ndogo kwenye rangi nyeupe. Tone moja. Tone moja tu, wenzangu, hata si tone, ni nusu. Meno yakashikana kama ukuta mpya, nikajisifu, nikajipikia chai, na nikaweka majani mengi kuliko kawaida kwa sababu niliona nimestahili.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Tata Karimi akapita studio kuona picha kabla wenzake hawajaja kuichukua asubuhi. Akaitazama. Akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule.

"Huyu ni nani?"

"Si ni Mama Njeru, Tata."

"Mama Njeru gani?"

"Tata, si huyo wenu wa kanisa."

"Mama Njeru bila mwanya?" Akaweka mkoba chini. "Kendi. Mwanya wa huyu mama umeenda wapi?"

Nikaanza kusikia joto kwenye masikio. Tata akanieleza, na kila alichoeleza kilikuwa kinaniongezea joto, kwamba huo mwanya ndio urembo wa Mama Njeru unaojulikana kuanzia Runyenjes mpaka Kagaari, kwamba marehemu mumewe alipita boma nyingi zenye wasichana akaenda kwa yule mwenye mwanya, kwamba akiongoza wimbo huo mwanya unapiga mluzi na ndio waimbaji wanaufuata. Kumziba Mama Njeru mwanya ni kama kumchora chifu bila kofia, nani atamjua? Halafu Tata, akiwa ameshika mlango, akamalizia, "Na baba yako amepiga, kesho anakuja mapema. Rudisha huo mwanya."

Mtu mwenye akili angempigia Mwalimu simu. Mimi niliwaza, ni tone moja, nimeliweka mwenyewe nitalitoa mwenyewe, Mwalimu hata hatajua. Hapo ndipo nilipotea njia.

Nikachukua kahawia nzito nikapitisha katikati ya meno. Mwanya ukarudi, lakini mpana, ungepitisha punje ya hindi. Nikaupunguza kwa nyeupe, nyeupe ikachanganyika na kahawia, jino la kushoto likawa limeoza. Nikalisafisha jino, jino likakua. Likamzidi mwenzake, kwa hivyo na mwenzake nikamkuza, sasa meno yakawa yameshinda mdomo, ikabidi midomo nayo ipanuliwe, na midomo ilipopanuka mashavu yakakosa pa kukaa. Kufikia saa kumi nilikuwa nimechora upya nusu nzima ya uso wa Mama Njeru, kutoka kidevu mpaka chini ya pua, mimi niliyeambiwa nipanguse vumbi.

Na niwaambie ukweli mmoja, hata kama mtasema najisifu: ilikuwa nzuri. Alikuwa anacheka, anacheka kabisa, mwanya uko mahali pake, mpaka mimi mwenyewe nilitabasamu kabla sijakumbuka kwamba hiyo rangi yote ni mbichi na kesho asubuhi inabebwa.

Nikaipepea kwa kifuniko cha sufuria. Nikaisogeza karibu na jiko. Ukungu nao umeingia mpaka mlangoni, kila kitu Runyenjes kimelowa. Ndipo nikasikia kelele za saluni ya jirani, si mnajua Jumamosi jioni akina mama wote wanatengeneza nywele za Jumapili, na nikapata wazo. Nikabeba picha nikaingia nayo, nikamwomba mwenye saluni, tafadhali dada, naomba Mama Njeru akae kwa draya kidogo. Yule dada alinitazama, akaitazama picha, akavuta kiti. Mama Njeru akakalishwa kati ya wateja wawili wenye rola, draya ikashushwa juu yake.

"Na huyu anatengenezwa nini?" mmoja akauliza.

"Anakaushwa meno," nikasema.

Walicheka wee, mmoja akaomba afanyiwe na yeye. Lakini baada ya muda nikagusa shavu kwa ncha ya kidole, kidole kikatoka kisafi. Nikagusa tena. Kisafi! Nilishukuru Mungu, na mwenye saluni, na kampuni ya umeme. Kitu ambacho sikujua ni kwamba draya ilikuwa imekausha juu pekee, imeweka utando kama ule wa maziwa yaliyopoa, na chini ya utando rangi ilikuwa imelala mbichi kama ilivyozaliwa.

Jumapili asubuhi akina mama wakaja, wote na sare zao nyeupe pe, wakaifunga picha kwa leso mpya, wakakaza fundo. Nikamnong'oneza Tata kwamba nimeikausha kwa draya lakini sina hakika. Tata akafumba macho. "Mungu aliyekausha bahari atakausha na mdomo," akasema, na nikaona hata yeye hana hakika.

Baba alikuwa amekalishwa mbele na wageni. Alikuwa amevaa koti lake la rangi ya maziwa, ambalo huvaliwa kwa harusi na kwa benki, siku nyingine hukaa kwenye karatasi ya nailoni. Mwalimu Ireri aliingia akitoka Embu moja kwa moja, kucha bado zina rangi, akakaa upande wa pili, hana habari.

Ibada ikaisha, mchungaji akasema kabla zawadi haijafunguliwa anataka msanii asimame. Mwalimu akasimama. Watu wakapiga makofi. Na huyu mtu mwema, huyu mtu ambaye nilikuwa nimemvunjia amri yake ya pekee, akainua mkono watu wanyamaze.

"Si mimi peke yangu. Kuna msichana kutoka Meru alinisaidia, na ana mkono. Kendi, simama watu wakuone."

Nikasimama. Baba akageuka. Kidevu chake kikapanda kidogo tu, jambo ambalo kwa Baba ni kama mtu mwingine akiruka juu, na macho yangu yakajaa machozi, kwa sababu hicho ndicho kitu nilikuwa nimekitaka maisha yangu yote na nilikipata nikijua kiko ndani ya leso, kibichi.

Sasa mnajua akina mama wetu hawapeani zawadi kama barua ya posta. Walianzia mlangoni, wimbo juu, hatua mbili mbele moja nyuma, na kila mmoja alitaka aishike hiyo picha, acheze nayo, aikumbatie kifuani aipitishe kwa mwenzake, tena wanaigonga mgongo kama mtoto anayetolewa hewa. Nilihesabu kila kofi moyoni. Walipofika mbele wakaigeuza itutazame sisi waumini, Mama Njeru akasimama nyuma yake akifuta machozi, na wawili wakashika ncha za leso wakavuta.

Leso ikakataa. Wakavuta tena. Ikatoka kwa sauti, chwaaa, kama plasta inatolewa kwa mguu wenye nywele.

Macho ya Mama Njeru yalikuwepo. Paji la uso lilikuwepo. Maua yangu yalikuwepo, mazuri ajabu. Kutoka pua kwenda chini ilikuwa ni matope ya shamba la viazi. Na kwenye leso, ambayo wale wawili walikuwa bado wameinua juu kama bendera, kulikuwa na mdomo. Mdomo mzima, unacheka, na mwanya umetokea vizuri kuliko nilivyouchora.

"Uuuwi!" mtu akapiga kelele. "Mama amebaki bila mdomo!"

Kanisa likalipuka. Na Mama Njeru, aliye nyuma ya picha, macho yamejaa machozi, akadhani ni furaha. Akaivuta hiyo picha, akaigeuza bila kuiona kwa machozi, akaikumbatia kwa nguvu zote, kwenye sare nyeupe. Halafu akaanza kuwakumbatia watu. Alimkumbatia mchungaji, mchungaji akabaki na ndevu upande mmoja. Alimkumbatia Tata. Waliokumbatiwa nao wakakumbatiana, na nikawa naiona kahawia yangu inatembea kanisani, bega kwa bega, shavu kwa shavu, mpaka ikafika benchi la wageni, ambapo Mama Njeru alifungua mikono akamwambia Baba, "Karibu Embu, mgeni wetu!" na akambana hasa. Alipomwachilia, kwenye kifua cha koti la harusi na benki kulikuwa na mdomo wa chini.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na iniache huko.

Mwalimu alikuwa amesogea akaitazama picha, kisha akaitazama leso. Hakupaza sauti.

"Kendi. Nani aligusa uso?"

Watu wote wananitazama, Baba pia. Nikasema, na sauti ilitoka kama ya panya, "Ni mimi, Mwalimu. Nilimziba mwanya. Halafu nikamzibua."

Mama Njeru akajitazama kifuani. Akachukua ile leso, akaikunjua, akautazama ule mdomo kwa muda mrefu, nami nilikuwa tayari kulaaniwa kwa Kiembu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka mluzi ukatoka, ule mluzi wa mwanya, na kanisa zima likaanguka naye.

"Mwana wakwa," akasema akinishika mkono, "huu mwanya ndio ulinitoa kwetu ukanileta hapa. Wewe na brashi moja ulitaka kunirudisha?" Akamgeukia Mwalimu. "Tutachorwa tena. Na sasa hatutaki picha ya simu. Nitakuja nikae hapo nyuma ya agroveti nicheke mpaka huyu msichana atosheke. Na hii leso siwapi, naenda nayo kwangu."

Watu wakapiga makofi, lakini mimi nilikuwa natafuta koti moja tu. Baba alikuwa nje. Nilipomfikia alikuwa anajipangusa kwa kitambaa, na kadiri anavyopangusa ndivyo ule mdomo unavyopanuka. "Tutaongea," akasema. Hakula hata chakula cha akina mama. Akaondoka. Sikujua kama ameniacha nibaki au ameniacha kabisa, na nililia kwa Tata mpaka nikapanga nguo zangu ndani ya begi, nikalala karibu nalo.

Mwalimu hakunifukuza. Jumatatu alinikuta naosha brashi, akaosha na yeye moja, kisha akasema, "Ule mdomo wa kwa leso ulikuwa mzuri. Mimi singeutoa hivyo. Kosa lako ni simu. Ungenipigia." Nikasema ndiyo Mwalimu. Begi lilikuwa bado limefungwa.

Baba alipiga baada ya siku nyingi. Nilikuwa juu ya ngazi (ndiyo, sasa nilikuwa juu).

"Kendi. Hiyo koti mama yako ameosha na sabuni ya kipande. Imekataa. Akaweka majivu. Imekataa. Akaweka mafuta ya taa, ikanuka tu. Ikaachwa kwa kamba inyeshewe, na imenyeshewa vizuri."

"Pole Baba. Aki pole. Iko aje sasa?"

"Iko tu. Mdomo wote." Nikasikia kuku wetu kwa simu. "Sasa nilikuwa nauliza. Hiyo rangi yenu... inaweza shika ukuta?"

Nilikaa chini kwenye ngazi.

Nilienda Kibirichia nikaandika stoo kwa rangi nzuri ya mafuta ya ukuta, nikaiacha ikauke mpaka Baba mwenyewe akachoka kuigusa. Hakusema kitu kuhusu chuo cha ualimu na mimi sikumkumbusha. Mama Njeru naye tulimchora upya, akicheka hapo nyuma ya agroveti, na nimeapa, nasema mbele yenu nyote, mdomo wa binadamu siugusi tena mpaka mwenyewe aufungue nihesabu meno. Na saluni naingia kwa sababu ya nywele zangu pekee.

Koti Baba bado analivaa, hata benki. Na kila ikinyesha mvua kubwa huko kwetu, asubuhi simu yangu inalia, na Baba, ambaye hapigi simu kwa salamu, anasema, "Imenyesha usiku kucha. Rangi ya stoo bado iko," halafu anakata.